Tabo ya Lori la Mzamil

Baba Mzamil,

Mahamri yako chini ya kawa, mbaazi zimo sufuriani, chai kwenye chupa. ~~Nimekwenda kwa dada.~~ Nimekwenda gereji, Shimanzi.

Asubuhi, ulipokuwa bado umelala, fundi Katana alipita kuuliza afunge tabo gani, ile ya kuongeza nguvu, kwenye injini ya lori letu. Nikamwambia umebadili nia, afunge ile ndogo. Nimesema uongo kwa jina lako.

Lakini jana nilimsikia akikueleza pale barazani. Ile kubwa huchelewa kushika, dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho, halafu nguvu huja kwa ghafla. Ndogo hushika mapema na kuvuta mzigo taratibu. Ukacheka, ukasema unataka lori lisilopitwa kwenye mlima wa Mazeras. Ungekuwa unaendesha wewe, ningenyamaza. Anaendesha Mzamil, na mtoto yule hata ngazi za nyumba hii hajawahi kuzishuka kwa kutembea, ni mbio tu.

Ningekuamsha tukagombana, ingekuwa afadhali. Sasa naenda kumwambia Katana ukweli, asifunge chochote mpaka ufike. Usimfokee, kosa ni langu. Na ukimaliza kula rudisha kawa, paka yuko dirishani.

Tabo utachagua wewe. Ila miaka yote uliyokuwa safarini, nilikesha peke yangu. Ukichagua ile kubwa, tutakesha sote wawili.

Mama Mzamil