Lita Saba Zisizomo Kitabuni

Naliendele,
Mtwara.
14 Novemba 2024.

Dada yangu mpendwa Husna,

Assalaam aleikum. Shikamoo dada. Shemeji Mustafa hajambo? Miguu yake imeacha kuvimba? Na huko Kigoma mvua zimeshashika, au nanyi mnaangalia mawingu tu kama sisi? Huku joto ni la kukaa nje. Korosho zimeokotwa na watu wanasubiri minada. Amina hajambo, Zawadi naye hajambo, kile kikohozi kimekwisha. Mimi mwili wangu mzima. Moyo ndio sina.

Najua umenipigia simu mara nyingi. Amina alikuambia simu imeharibika. Haikuharibika, niliizima. Mambo haya siwezi kuyasema huku nasikia pumzi yako upande wa pili. Mwalimu Josephu, jirani yetu, amehamishiwa Kasulu, naye amekubali kukufikishia barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako kwanza.

Dada, nimeitwa mwizi. Nimeitwa mwizi ofisini, na habari ikafika mtaani kabla mimi sijafika nyumbani. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi nimelifanya mwenyewe, kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Unajua kuwa huu ni mwaka wa kumi na tisa naendesha gari la mradi wa miche ya korosho. Tunazunguka vijijini kukagua vitalu, mpaka kule Kitaya, kwenye mto Ruvuma. Gari ni moja, dereva ni mimi.

Tarehe kumi na sita Oktoba tulikuwa tunamaliza siku ya nne ya kuzunguka. Tuko Kitaya tunafunga mizigo, tukaona watu wanakuja mbio wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake mama mmoja, alikuwa akichota maji mtoni na mamba akamdaka mguu. Sikumuuliza mtu. Nilimlaza kwenye viti vya nyuma, bwana shamba niliyekuwa naye akapanda nyuma na mizigo, nikaondoka. Geji ya mafuta ililala chini kabisa tangu tulipopita Nanguruwe, nami sikusimama. Tulimfikisha hospitali mjini akiwa hai. Yuko hai mpaka leo, ingawa mguu wameukata chini ya goti.

Kutoka pale hospitali nilikwenda kidogo tu, gari likazima. Lilikuwa limekauka kabisa. Vijana wa bodaboda wakanisaidia kulisukuma mpaka sheli.

Pale sheli kuna mhudumu anaitwa Yustina, binti wa watu wa Masasi. Ananijazia mafuta huu mwaka wa tatu. Ni mtu ambaye husubiri tone la mwisho lidondoke ndipo achomoe mkono wa pampu. Nikamwambia jaza fulu. Akajaza mpaka pampu ikakata yenyewe. Akaniambia, "Mzee, imeshakata." Nikamwambia, "Ongeza polepole, mama. Kesho narudi Kitaya na kupita mbele, huko hakuna sheli." Akaongeza. Mimi nimeinama kwenye mdomo wa tangi, naangalia mpaka nikaona mafuta yanang'aa shingoni. Nikasema basi. Pampu ilisoma lita themanini na saba nukta sita. Niliisoma kwa macho yangu, akaandika risiti, nikatia sahihi. Kisha nikatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta, gari likawaka, nikaenda zangu.

Jumatatu iliyofuata mratibu wetu, bwana Dickson, akaniita. Ana miezi mitano tu hapa. Mezani ameweka risiti yangu na kitabu cha gari, amekifunua. Akaweka kidole. Kitabu kinasema tangi la gari hili linachukua lita themanini.

Akaniuliza, "Mzee Shafii, hizi saba na zaidi uliziweka wapi? Mfukoni?"

Nikamweleza kwamba nilijaza mpaka shingoni. Akasema kitabu kimeandikwa na wataalamu waliolitengeneza gari, sio na dereva. Simlaumu sana, dada. Mafuta ya miradi huibwa kweli, na sisi madereva tunajuana. Njia yenyewe ni hiyo hiyo: mhudumu anaandika lita nyingi, gari linapata chache, wanagawana. Mtu mgeni akiona lita themanini na saba kwenye tangi la themanini, afikirie nini?

Halafu akashusha sauti, akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe ni mtu mzima, una miaka mingi hapa. Inawezekana ulikuwa umechoka, mambo ya yule mgonjwa. Andika tu kwamba hukuangalia pampu. Haya yatabaki ya yule mhudumu."

Na mimi, mtoto wa mama yetu, nilichukua kalamu nikaandika: Sikuangalia pampu.

Maneno mawili tu, dada. Nikatia sahihi. Nilitoka pale nikijiambia kwamba sikumtaja mtu, kwamba sikusema Yustina kaiba. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi nilipokwenda sheli nikakuta mhudumu mwingine. Nikauliza. Akaniambia ofisi yenu imeleta barua, na Yustina amefukuzwa.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, nikamwona Yustina anakuja na njia ya kwetu, amevaa gauni lake la kanisani, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga. Alitembea kututafuta, kwa maana hakuwahi kufika kwetu. Dada, nilitoka kwa mlango wa nyuma. Mimi mwenye miaka hamsini na tatu nilichuchumaa katikati ya mihogo yangu mwenyewe, nasikia sauti yake barazani. Alimwamkia Amina vizuri. Akauliza, "Mama, mzee si alikuwa amesimama pale pale pampu ikisoma? Naomba aje anisemee tu." Amina akaniita mara mbili. Nikanyamaza. Yustina alikaa barazani mpaka kivuli kikahama, kisha akaaga.

Amina hakunigombeza. Aliniwekea chakula akaenda kukaa nje. Afadhali angenipiga.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Dickson kabla ofisi haijafunguliwa. Nikamwambia maelezo yangu ni ya uongo, pampu niliiangalia mwanzo mpaka mwisho, na binti yule aliongeza kwa amri yangu. Nikamwomba tulipime tangi. Akasema, "Kwa hiyo mlishirikiana." Akanyoosha mkono nimpe funguo za gari, akanisimamisha kazi.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Nilikwenda msikitini, wazee wakaniomba nipumzike kidogo kushika funguo za msikiti, mpaka mambo yatulie. Walisema kwa heshima. Zawadi alirudi kutoka shule amevimba macho, nami sikuuliza kwa sababu nilijua. Nilikuwa nakaa chini ya ukuta wa nyumba mchana kutwa nikiangalia mikono yangu. Kuna siku nilimwambia Amina kwamba kama ningekufa ile siku kwenye barabara ya Kitaya ingekuwa nafuu. Akaniambia, "Baba Zawadi, kufa hakumrudishii mtu kazi."

Aliyelifumbua jambo hili ni mwenye sheli. Huyo hakumjali Yustina, alijali pampu yake. Alisikia watu mjini wanasema pampu zake zinaandika uongo, wateja wakaanza kupungua. Akamleta bwana wa vipimo, na pampu zikakutwa sawasawa. Basi akadai gari letu nalo lipimwe mbele ya watu. Dickson hakuweza kukataa.

Ikawa Jumanne ya tarehe tano, asubuhi. Tuliitwa wote. Yustina alisimama upande wa pili wa gari, hakunitazama. Fundi akafungua nati ya chini ya tangi, mafuta yakatoka mpaka yakaisha. Bwana wa vipimo akaja na ndoo yake ya bati yenye mhuri, ya lita ishirini. Wakamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hizo ni themanini, na mafuta bado hayaonekani shingoni. Dickson ameshika kile kitabu. Wakaanza ya tano polepole, kwa kikombe cha kupimia cha lita moja. Moja. Mbili. Tatu. Mimi nilikuwa nasoma nyiradi kimoyomoyo. Ilipofika ya saba, mafuta yakaanza kuonekana. Yalisimama shingoni kwenye lita themanini na saba na nusu na tone.

Bwana wa vipimo akajifuta mikono, akamwambia Dickson, "Bwana mkubwa, kitabu kinakuambia kinachofaa kuwekwa. Hakikuambii kinachoingia." Akamweleza kwamba juu ya kipimo cha kitabu wenye kutengeneza gari huacha nafasi, ili mafuta yakipata joto yapate pa kupanda, na bomba la kutoka kwenye kifuniko nalo linameza mafuta yake. Pampu hukata kwenye kipimo cha kitabu au karibu yake. Ukiendelea kuongeza baada ya hapo, unajaza ile nafasi.

Dickson akafunga kitabu. Alisema neno moja: "Kumbe."

Ndiyo hiyo tu, dada. Binti wa watu wiki mbili hana kazi, mimi wiki nzima naitwa mwizi, na jibu ni kumbe.

Nilizunguka gari nimfuate Yustina. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuniacha nifungue kinywa. Alisema, "Mzee, tangi limenisemea. Wewe uliyekuwa na mdomo ulinyamaza." Mwenye sheli akamwita arudi kazini siku hiyo hiyo. Akasema atafikiri, akachukua mkoba wake akaondoka. Kesho yake nikasikia amekwenda kwao Masasi.

Hakujua kwamba nilikwenda kukanusha. Ningeweza kumwambia. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilisema kweli siku nne baada ya yeye kufukuzwa, na baada ya kumkimbia mihogoni?

Jumamosi tulikwenda Masasi, mimi na Amina. Nilikuwa nimeandika karatasi. Tulimkuta kwa mama yake, mama Elizabeti, wanabangua korosho na majirani wawili. Niliomba ruhusa nikasoma nimesimama: kwamba mimi Shafii niliiona pampu, nilimwagiza mimi aongeze, Yustina hakuchukua hata tone, na niliandika uongo kwa kuogopa kupoteza kazi.

Nilipomaliza mama yake akasema, "Soma tena. Huyu jirani masikio mazito."

Nikasoma tena. Sauti ikakatika katikati. Amina akanishika kiwiko, nikamalizia. Mama akasema, "Na ile ya kujificha haimo humo." Kumbe Amina alishawapigia. Nikaisema kwa mdomo, mbele ya majirani. Jirani mmoja akacheka, akajiziba.

Yustina akapokea karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Akasema, "Nimesikia." Halafu akarudi kwenye korosho zake. Mama ndiye aliyetuletea maji.

Sijui kama nimesamehewa. Nilitaka kuuliza, Amina akaniminya mkono, nikaelewa kwamba hilo si la kuuliza.

Sasa Dickson ameniita nirudi. Jumatatu aliweka funguo mezani. Nikamwambia nitazichukua siku atakapomwandikia Yustina barua na nakala kwa mwenye sheli, kama alivyoandika ile ya kwanza. Akasema ofisi haiandiki barua za namna hiyo. Nikaziacha funguo pale pale, nikatoka. Leo ni siku ya tatu hajaniita. Asipoandika, kazi imekwenda, na kwa umri wangu hakuna atakayenipa gari lingine. Kila nikisikia gari linapita njiani nainuka.

Dada, mama alipofariki ni wewe uliyenilea, na ni wewe uliyekuwa ukijua nikidanganya kabla sijamaliza sentensi. Usiniandikie pole. Niambie kama nimefanya sawa kuziacha zile funguo, au naongeza kosa kwa kuiweka nyumba yangu hatarini ili nijione mtu. Sina mwingine wa kumuuliza. Amina nimemuuliza, akasema, "Hili ulilifunga mwenyewe, lifungue mwenyewe." Lakini usiku wa jana aliweka mkono wake begani kwangu, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Nisalimie shemeji Mustafa na miguu yake, Hamisi na mkewe, na yule mjukuu ambaye bado sijamwona. Mwambie mama Neema wa pale jirani kwamba mbegu zake za bamia zimeota. Amina anakuamkia shikamoo, Zawadi pia, na anasema kitambaa ulichomtumia kimemtosha bila kupunguzwa.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya na riziki ya halali, na atukutanishe tungali hai. Niombee niwe na ulimi mwepesi kwenye kweli, maana kwenye uongo nimeona kumbe nilikuwa nao.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukuogopa,

Shafii.