Chupa Zinazonukia Sabuni

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima, ila wifi yako anaumwa jino na amenuna hata nikimsifu. Mtoto ameanza kusema. Kila kitu anakiita shangazi, hata jogoo wa jirani.

Magunia yako ya chupa za plastiki yamefika hapa kiwandani tunakozigeuza vigae. Msimamizi alifungua moja akacheka: "Dada yako ametuletea taka au vyombo vya harusi?" Lebo umezibandua, vifuniko umevifunga kando, vilevile nilivyokuelekeza siku ile nilipojitia mwalimu, nikakwambia chupa chafu haigeuki kigae. Nikacheka naye, lakini ni meno tu yaliyocheka.

Dada, mashine ya kusagia plastiki iliharibika tangu mvua za mwaka jana, na kipuri hakijaja. Malori ya kukusanya chupa hayakusimamishwa, maana wakubwa wanapenda kupigwa picha nayo. Chupa zote zinazoingia tunazichoma nyuma ya ukuta. Jana zamu ilikuwa yangu. Nilimwaga magunia yako kwa mikono hii hii, na kabla moto haujashika nilisikia harufu ya sabuni.

Uliniandikia kwamba kisima chenu kimekauka na maji mnayafuata mbali, lakini nisiwe na wasiwasi, chupa zangu hazitakosa kuoshwa. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi.

Usizioshe tena, Dada. Maji hayo myanywe.

Ni mimi mdogo wako,
mwalimu wa chupa.