Mzigo Uliokataa Kuondoka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeambiwa mzigo wetu wa Mei bado uko Mombasa. Haya! Vijiko vya saladi mia nne na vibakuli sitini, vyote vya mfupa, na Lieve anaviuza dukani kwake Ubelgiji tangu Julai. Picha ninayo kwenye simu: mzungu anachanganya saladi na kijiko chetu, meno yote nje. Lakini kompyuta ya forodha haikuambiwa kwamba mzigo ulipanda meli, kwa hivyo haukupanda. Na mpaka huo wa Mei ufungwe kwenye kompyuta, huu mpya hautoki. Katoni kumi na nane zimepangwa mlangoni, tunaziruka tukiingia. Meli ni tarehe ishirini na tano. Ikitupita, Lieve amesema bila kuficha: vya Krismasi atanunua India, na huenda akabaki huko huko.

Nimemweleza Oloo. Yeye ndiye fundi mkuu, mimi karani wake, na karakana yote hapa mtaani Makina ni watu kumi na wanne wanaomtegemea huyo Lieve mmoja. Akaendelea kupiga msasa. Akauliza kama hiyo kompyuta imewahi kuona meli.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbuvi ni wakala wetu kule bandarini. Nimempigia mara sita. Ya saba akashika.

"Nereah, tulia, iko kwa system."

Nikamwambia haiko. Akasema basi itakuwa kwa system ingine. Ukweli ukatoka kidogo kidogo: kontena lilihamishiwa meli nyingine dakika ya mwisho, naye akasahau kubadilisha jina la meli kwenye fomu. Ofisa aliyekuwa anaweza kurekebisha amehamishwa Busia. Busia! Hata bahari hakuna.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepeleka karatasi mjini. Hati ya meli, barua ya Lieve, hata picha ya saladi. Madam Beth wa forodha ni mpole kabisa, alisoma zote. Akasema hizi zinaonyesha mzigo ulifika Ubelgiji. Hazionyeshi kwamba uliondoka Kenya.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Atakuja kukagua karakana wiki ijayo, ahakikishe vitu havipo. Kesho ni sikukuu, kwa hivyo kesho hakuna anayehakikisha chochote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefagia. Halafu nikafagia tena, kama mtu mwenye jambo la kuficha. Mtu anamwonyeshaje mgeni kitu ambacho hakipo?

Jumatano, 15 Oktoba

Madam Beth amekuja. Ametembea kutoka barabarani, viatu vikawa vyeupe kwa vumbi la mifupa, hakulalamika. Adhis, fundi wetu wa vijiko, akampa stuli na chai. Akachungulia chini ya meza, ndani ya magunia, nyuma ya mashine. Hakuna kitu. Nikaanza kupumua.

Akatazama ukuta.

Ukuta wa Oloo! Kipande cha kwanza cha kila oda hakiuzwi. Kinatundikwa kwenye msumari na namba ya mzigo, fundi akisahau kipimo atazame juu. Na namba nimeziandika mimi mwenyewe, kwa ule mwandiko wangu ninaojivunia. Kijiko kimoja, kibakuli kimoja: MEI 2025. Akapiga picha. Akaandika: sehemu ya mzigo imepatikana karakanani.

"Madam, hizo ni za kuangalia tu," Oloo akasema.

Akaandika hiyo pia.

Akanivuta kando kwa wema. Kuna njia rahisi, akasema. Nisaini barua kwamba mzigo wa Mei haukuondoka. Ule utafutwa, huu mpya utoke. Ifike kwake Ijumaa kabla ya saa kumi, maana Jumatatu ni sikukuu ya Mashujaa. Ila aliyesaini Mei kwamba unaondoka ni mimi. Kwa hivyo uongo wa kwanza nitakaousaini kazini ni wa kusema nilidanganya.

Hakuna aliyeniambia nisaini. Hakuna aliyeniambia nisisaini. Jioni Adhis aliziruka katoni bila kunitazama. Nina hasira, na nimeona aibu kama mwizi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi, ujumbe wa posta: kifurushi kutoka Ubelgiji. Nikampigia Lieve. Kijiko kimoja kimepasuka, amekirudisha tuone kasoro. Huyu mama nampenda! Kijiko cha Mei, kimekwenda na kimerudi, na mihuri ya Ubelgiji juu: ushahidi wa kumwekea Madam Beth mezani. Nilitoka nyumbani Kawangware 56 nikiimba, mkoba umebeba ile barua ambayo sijaisaini, na sasa nitaichana.

Kwenye dirisha la forodha pale posta anakaa mtu, beji yake inasema Kitheka. Kifurushi kiko wazi mbele yake. Nakiona kwa kioo: nukta mbili shingoni, alama ya Adhis. Nikamweleza ni kazi yetu, inarudi nyumbani. Akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena.

"Sister, kama ni ya Kenya inarudi, nionyeshe confirmation ilitoka."

Hiyo hiyo ya Mei ambayo kompyuta haina. Bila hiyo ni bidhaa ya kigeni. Nilipe ushuru, nisaini, nichukue. Fomu ameshaijaza. Mfupa wa ng'ombe wa machinjio ya Dagoretti, mkono wa Adhis wa Makina. Nchi ya asili: Ubelgiji.

Ni saa tisa na dakika ishirini. Nimesimama hapa kaunta na karatasi mbili. Moja inasema mzigo wetu haukuondoka. Nyingine inasema kijiko si chetu. Oloo amepiga, sijashika. Adhis ametuma ujumbe, anauliza kijiko chake kimepasukia wapi.

Kitheka ameona napekua mkoba. Amenisogezea kalamu ya posta, ile iliyofungwa kwa uzi. Ndiyo ninayoandikia haya. Uzi ni mfupi, lakini karatasi zote mbili zinafikika.