Chumba Kile Kimejaa Viti, Mama Feza

Mama Feza,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya karibu na dirisha, ile uliyoivisha vipande vya ndala miguuni ili isikwaruze sakafu. Leo hakuna msomaji. Tangu tulipokuzika mvua zimepita na kurudi, na kila mara najiambia nitakuja kaburini kukueleza mambo ya maktaba, lakini nikifika katikati ya njia narudi. Basi nimeona heri niandike.

Nianze na lililo zito. Riziki haji tena.

Ninajua utakavyouliza: Riziki yupi? Riziki wako, binti wa Mama Zaina wa kule karibu na gare ya treni, aliyekuwa anaingia bila kusalimia mtu, anapita moja kwa moja hadi chumba kidogo cha nyuma, anavua viatu, anakaa sakafuni na kunusa kurasa huku akiimba bila maneno. Kabla ya kusoma alikuwa lazima akuulize kama mvua itanyesha. Ukimjibu, anakuuliza tena. Ulikuwa unamjibu kila mara kama vile ndiyo kwanza ameuliza.

Wafanyakazi wapya hapa hawajui chumba kile cha utulivu kilitoka wapi. Wanafikiri ni mambo ya Wazungu. Mimi najua, kwa sababu nilikuwepo.

Tulikuwa majirani, na binti yako Aziza alikuwa rika langu. Hakupenda kuguswa nywele. Alikula wali peke yake na sombe, mboga ya majani ya muhogo, peke yake, visigusane. Ngoma ikilia mtaani alijificha chini ya kitanda, na sisi wengine tulikuwa tunajua tu kwamba Aziza yuko hivyo. Watu wakubwa ndio waliosema, "Huyu mutoto iko na kichwa ya kuharibika." Na wewe ulikuwa unawajibu, bila hasira, "Hapana. Iko na kichwa yake."

Kisha vita. Mji ukafungwa, treni ikaacha kuja, mchele wa Kibombo haukufika tena, chumvi ikawa kama dawa. Asubuhi ile tulitoka sote watatu kutafuta sombe kwenye mashamba yaliyoachwa. Kwenye bariere, kizuizi cha njiani, askari mmoja alipiga risasi hewani, kutisha tu watu wajipange. Aziza akaziba masikio akaanza kukimbia. Askari akamwamuru asimame, ainue mikono. Mikono yake ilikuwa masikioni, Mama. Wewe hukupiga kelele. Ulisema kwa sauti ya kuomba, kama mtu anayeomba maji: "Baba, umungoje kidogo. Atasimama. Umungoje."

Hakumngoja.

Tulimrudisha nyumbani kwenye kitenge chako. Sijawahi kuandika jambo hili mahali popote, na sasa nimeliandika, naona ni maneno machache sana.

Miaka mingi baadaye ulipopewa maktaba hii uliniita niwe msaidizi wako. Daktari mmoja aliyepita hapa akakueleza kwamba hali kama ya Aziza ina jina, otisime, au usonji, na kwamba si pepo wala laana. Ulimshukuru. Alipoondoka ukaniambia, "Jina limekuja, mutoto hayupo." Kesho yake ukaanza kukitoa vumbi chumba cha nyuma.

Mafunzo yako ya kwanza nitayakumbuka mpaka kufa. Ulitukalisha, mimi, Neema wa rafu na Papa Ramazani wa mhuri, ukampa kila mtu karatasi asome. Ukafungua redio mbili, kila moja na kituo chake. Ukawa unazunguka nyuma yetu, unatugusa mabega, unatuuliza maswali na kudai jibu hapo hapo. Papa Ramazani, mtu mzima yule, mpole, alisimama akatupa karatasi chini. "Mama, zima hizo redio, kichwa inapasuka." Ukazizima. Ukasema, "Redio iko na mahali pa kuizima. Batoto bale kama Aziza hawana."

Baada ya siku ile hakuna aliyebishana nawe. Papa Ramazani aliweka kitambaa kinene chini ya mhuri wake ili usigonge. Neema akajifunza kusalimia kwa kuweka mkono kifuani, bila kumnyooshea mtoto mkono. Ulitufundisha kuuliza swali moja na kunyamaza, hata kama kimya kinatutia aibu. Kimya cha mtoto ni chake, ulisema, aibu ni yako, kaa nayo. Na vijana wakaanza kuja. Mama mmoja alimleta mwanawe kutoka Mikelenge, akabaki amesimama mlangoni akilia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemtazama mwanawe vibaya.

Hayo yote yamekwisha.

Direkta aliyekuja baada yako si mtu mbaya. Paa linavuja, mishahara haiji, akaamua kukodisha ukumbi wa kusomea kwa arusi na mikutano. Chumba cha nyuma kikajazwa viti vya plastiki mpaka dari. Papa Ramazani alichoka kungoja mshahara akaenda Kampene kuchimba dhahabu, katika umri ule. Neema alimfuata mumewe Kibombo. Nilimwomba direkta aniruhusu niwafundishe wapya kama ulivyotufundisha. Akanijibu kwa heshima, "Mama Mwamini, tutumikie kwanza wale banasoma." Nilimwambia Riziki anasoma kuliko sisi sote. Akatabasamu, akarudi kwenye simu yake.

Siku ile nilikuwa nimevuka mto kwenda Alunguli kumwona shemeji mgonjwa. Ukumbini kulikuwa na arusi. Riziki hakujua, hakuna aliyemwambia, na ni wewe tu uliyekuwa unamwambia mapema kitu kitakachobadilika. Aliingia kwenye muziki ule, akaziba masikio, akakimbilia chumba chake. Akakuta kimejaa viti vilivyobaki. Akaanza kupiga kichwa mlangoni na kulia kwa sauti ile yake ya juu. Sentineli wetu mpya wa kulinda mlango, Amisi, kijana aliyekuwa na wiki chache tu kazini, alimshika kwa nguvu. Riziki akamng'ata. Wageni wa arusi wakatoka na nguo zao nzuri, wakamzunguka, mtu akasema pepo, mwingine akaleta maji akammwagia. Nilipofika jioni sakafu ilikuwa bado imelowa. Kiatu chake kimoja kilikuwa chini ya meza.

Nilikwenda kwa Mama Zaina usiku uleule. Wakwe zake walikuwa wamekaa uwanjani, na jambo lilikuwa limekwisha amuliwa: Riziki ataenda chumba cha maombi cha kanisa lao, afungishwe kula, aombewe. Nilieleza yote niliyojua. Nilieleza mpaka habari ya Aziza. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole, mama. Lakini huyo naye alikufa." Mama Zaina alikuwa ananitazama tu. Aliogopa, Mama, na mimi sikuweza kumwondolea woga, kwa sababu mimi nina maneno na wao ndio wanaomlisha.

Walimweka huko muda mrefu. Nilipokwenda kuuliza walinirudisha mlangoni.

Jumapili iliyopita niliingia katika kanisa lao kwa sababu nilisikia atatolewa kama ushuhuda. Riziki alikuwa mbele, amesukwa nywele vizuri, yeye aliyekuwa hakubali kuguswa kichwa. Amekonda. Mikono juu ya mapaja. Ngoma zilipigwa, vinanda, watu wakapaza sauti, na yeye hakuziba masikio. Pasta akasema, "Angalieni, ametulia." Watu wakapiga makofi. Mama Zaina alilia kwa furaha, na sijui kama nina haki ya kumlaumu. Nilisogea mpaka karibu, nikaweka mkono kifuani. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya ukuta. Wote mle ndani wanasema amepona, na amerudishwa nyumbani. Mimi peke yangu nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyetoka kuzika.

Kuna jambo moja zaidi. Juzi Amisi alikuja mezani. Alama ya meno bado iko mkononi mwake. Akasema, "Mama, ningefanya nini?" Nikamweleza: uzime muziki, uondoe watu, ukae chini mbali kidogo, usimguse, umwache. Alirudia kwa sauti ya chini. Akasema, "Njo hiyo tu?" Nikasema ndiyo, njo hiyo tu. Akaenda nje akakaa kwenye ngazi, na nilimwona akijifuta uso. Hayo ndiyo mafunzo yote yaliyofanyika hapa tangu ulipoondoka.

Mama Feza, sikuandikii ili nikupe moyo, wala sikuombi wewe unipe. Nimechoka. Maktaba hii nadhani itafungwa kabla ya mimi kuzeeka, na vijana wale watabaki kwenye majumba yao, wamefungiwa au wametulizwa. Pumzika wewe uliyefanya sehemu yako. Kaburi lako nitalipalilia mvua zikipungua.

Ahadi yangu ni ndogo. Kesho baada ya kazi nitakwenda kwa Mama Zaina kumwomba aniache nikae na Riziki uwanjani kwake, bila kitabu, bila swali. Wakwe wakinifukuza, nitarudi siku nyingine. Sikuahidi kwamba ataimba tena. Nakuahidi kwamba ataniona nimekaa pale.

Kwaheri, mama yangu.

Mwamini