Mtani Aliyepiga Kasia Kinyumenyume

Maganga, wewe Mnyamwezi,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi umri, najua, lakini sikukupa ukiwa hai na sianzi leo kwa sababu umekufa.

Nakuandikia kwa kuwa nimezoea kukutukana kila siku, na sasa matusi yangu hayana pa kwenda. Siku chache baada ya mazishi nilijisahau. Nikapaza sauti nje ya dirisha lako pale Kihonda, "We Mnyamwezi, bado umelala?" Akatoka mkeo, Mama Yustina, akaniangalia tu. Nikaomba radhi, nikaenda kulia nyuma ya mashine ya kusaga.

Habari za huku. Kile kiwanda cha nguo kilichotupunguza kazi mimi na wewe kimepata mwekezaji. Tukasema haya, labda vitambaa vitafumwa tena. Wapi! Amekifanya ghala la mitumba. Pale ilipokuwa mashine yako yamepangwa marobota ya mashati ya Ulaya mpaka juu. Ungekuwepo ungenunua moja, halafu ungetuapia kwamba umelifuma mwenyewe.

Nakumbuka sana ile safari yetu ya kwanza ya mtumbwi. Tulikuwa sita, wote tumepunguzwa, tumekwenda nyuma ya milima, upande wa Matombo, kuchukua ndizi za kuuza mjini. Mvua zilikuwa zimekata barabara, njia iliyobaki ni mto Ruvu. Hakuna kijiji, hakuna moshi, ni misitu na majabali huku na huku, na maji ya baridi yanateremka. Na sisi mafundi wa vitambaa ndio tumeshika makasia! Wewe ukakaa kinyumenyume. Sote tunaangalia mto unakokwenda, Maganga anaangalia tulikotoka. Tukakwambia geuka. Ukasema Wazungu wapiga makasia kwenye kalenda ya ofisini wanakaa hivyo hivyo, na nyie Waluguru mashua mmeiona wapi? Basi siku nzima tukawa tunagonganisha makasia mimi na wewe, uso kwa uso.

Kule chini mto ulipopanuka, kiboko akaibuka pembeni yetu. Mimi nilitetemeka mpaka kasia likawa linagonga ubavu wa mtumbwi. Ukanong'ona, "Mloka, ukifa leo nitaingia kaburini mwako nikuigize unavyotetemeka, mpaka mkeo acheke." Nikakujibu, "Tangulia wewe, nitakuigiza mimi, mpaka Mama Yustina acheke." Kiboko akazama zake. Tulicheka mpaka tumbo likauma.

Na ukatangulia kweli, mshenzi wewe. Homa tu, wala hukuugua sana.

Pale makaburini, kabla jeneza halijashushwa, watu wote wakanigeukia mimi. Kazi ya mtani wanaijua. Hata katekista alifunga kitabu chake akasubiri. Mama Yustina alikuwa ameinama, tangu asubuhi hajatoa sauti, na mimi nilikuahidi. Nikanyang'anya koleo, nikarukia shimoni, nikakaa kinyumenyume, nikapiga kasia. "Wazungu kwenye kalenda wanakaa hivi!" Nikawatukana Wanyamwezi wote wa Tabora, wakubwa kwa wadogo. Watu wakaanza kucheka. Kisha nikamsikia yeye, Mama Yustina, anacheka huku analia. Ahadi niliyokupa nimeitimiza.

Ila waliponipa mkono nitoke, nilishindwa kusimama. Nilikuwa nimekumbuka neno lako jingine la siku ile mtoni. Tulipofika tambarare uliacha kupiga kasia, ukatazama nyuma ya bega langu, ukasema bila utani hata kidogo, "Mloka, kwenu kuzuri. Geuka uone." Nikakwambia piga kasia, acha porojo. Nilizaliwa kwenye milima ile, nikadhani naijua.

Nina upweke, ndugu yangu. Nilikuwa najiuliza na mimi siku yangu ikifika ataruka nani shimoni. Nikajua hakuna, nikakonda. Siku ya arobaini nimekaa uani kwako na sahani sijaigusa, akaja binti yako. Yustina, yule mpole! Akajishika kiuno mbele za watu. "We Mluguru, kwa ulivyokonda, ukifa tutakuzika kwenye boksi la viatu." Ua wote ukapasuka kwa kicheko. Nikala ubwabwa mpaka nikaramba sahani.

Mvua zimekata barabara tena. Jumamosi tunakwenda na mtumbwi, sisi watano tuliobaki, na nafasi yako kaiomba Yustina. Kasia lako nimelitengeneza mpini. Pumzika, Mnyamwezi, umetuchosha vya kutosha. Binti yako nitamrudisha kwa mama yake salama, hilo nakuahidi. Na akipanda akakaa kinyumenyume kama wewe, sitamwambia ageuke.

Nitageuka mimi.

Mtani wako,
Mloka