Tovuti Yenye Fremu Nyeusi

Jumatatu, 15 Oktoba 2018

Leo nimelipia jina langu. Miaka hamsini na miwili nimelitumia bure, sasa nitalilipia kila mwaka ili lipate kuwa na nukta mbele yake. Nevyana Tsankova, nukta, kitu fulani. Lilikuwa halijachukuliwa. Kumbe hata matapeli wa mtandaoni hawakuliona la maana!

Kisa ni Metodi. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha waandishi hapa mjini: wanachama tisa, wasomaji tisa, walewale. Jana mkutanoni akatamka kwamba siku hizi mwandishi asiye na tovuti ni kama hayupo. Yeye anayo. Ina picha yake akiutazama mto kana kwamba mto umemkosea.

Basi na mimi nitakuwepo. Nitaifungua tarehe mosi Novemba, siku ya kuwaenzi walimu, waandishi na sisi wakutubi. Siku hiyo meya hutugawia vyeti, halafu hutusahau mpaka mwaka unaofuata.

Jumatano, 17 Oktoba 2018

Nimetumia saa tatu nzima kuchagua rangi nyeupe. Ziko nyeupe arobaini! Nyeupe ya maziwa, ya pamba, ya mfupa. Nimechukua ya mfupa. Ina heshima.

Tangu Mei sijaandika sentensi hata moja. Lakini nyeupe ninayo.

Nasoma kitabu cha maelekezo, cha maktaba yetu — nimejiazimisha mwenyewe na kujigongea muhuri. Kinasema tovuti ya mwandishi iwe tulivu, isiwe na makelele. Picha moja. Jina. Basi. Utulivu ninao tele, nimekuwa nao tangu talaka.

Jumapili, 21 Oktoba 2018

Kurasa ziko nne: Mwanzo, Kunihusu, Maandishi, Wasiliana Nami. Tatu zimekamilika. Ya Maandishi ndiyo inanitoa jasho. Maana tovuti ya mwandishi, pasipo maandishi, ni duka la mikate lenye kibao kizuri.

Nimetafuta kwenye masanduku. Hotuba ya kuzindua chumba cha kusomea. Mashairi matatu ya mwaka 1988, yote ya mvua. Makala kuhusu nondo wa vitabu — si mbaya, ile.

Na ile hadithi ya Baba.

Niiandike hapa, maana hapa hapana wa kunibishia. Ile hadithi ndiyo kitu pekee kizuri nilichowahi kuandika. Baba alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Kibanda, redio, bendera mbili. Kila treni ya saa kumi ikishapita, aliwasha redio akacheza dansi peke yake, na sare yake, na kofia, dirisha wazi. Nilimwona nikiwa na miaka tisa na nikanyamaza miaka thelathini na saba. Halafu nikaandika kurasa sita, gazeti la wilaya likazichapa. Kijiji kizima kikamjua. Wakawa wanapiga honi kwenye kivuko: “Mzee, na leo vipi, tunacheza?”

Alikufa miezi minne baadaye. Moyo. Na Ognyan, mdogo wangu, ndugu yangu pekee, akaniambia makaburini, mbele ya padri, kwamba alikwenda kuchukua vitu vya Baba kibandani akakuta pazia kwenye dirisha. Halikuwahi kuwepo pazia pale. “Umemfungia dirisha wewe,” akasema. “Ukiichapisha tena hiyo takataka, huna ndugu.”

Ni miaka sita sasa. Sijaichapisha. Na ndugu vilevile sina. Yeye yuko Ruse, mimi niko hapa Sevlievo, ni safari ya basi la asubuhi tu, na namba ya simu alibadilisha.

Baba mwenyewe hakusema neno. Alilikata lile gazeti akaliweka kwenye droo. Sijui alilificha au alilitunza. Hilo ndilo linaloniuma, wala si Ognyan.

Ijumaa, 26 Oktoba 2018

Picha! Sina picha. Zote nimekatwa kichwa au nimeshika sahani. Nimepata ile ya kitambulisho, naonekana kama mtu anayehojiwa na polisi. Kwa rangi ilitisha, nimeifanya nyeusi na nyeupe. Imetulia. Nikaizungushia fremu nyembamba nyeusi, kwa sababu ile nyeupe ya mfupa ilikuwa inaimeza.

Chini yake jina, herufi kubwa. Chini ya jina: 1966, na kistari. Nilitaka kuendelea na kitu baada ya kistari, “mkutubi na mwandishi”, lakini neno mwandishi lilinishinda kuandika. Nimekiacha kistari hivyohivyo. Kisha kijitawi kidogo cha mapambo. Nimerudi nyuma hatua tatu nikatazama. Ina hadhi! Nimejisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Alhamisi, 1 Novemba 2018

Imefunguka. Saa nne asubuhi.

Cheti pia nimepewa. Jina la ukoo wamekosea.

Na hadithi ya Baba nimeiweka. Nilikaa nayo tangu alfajiri, kidole juu ya kitufe. Nikajiambia: mtu anayenyamaza ili asimpoteze ndugu ambaye hana, huyo ni mjinga mara mbili. Nikabofya. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mpaka jioni: wageni watatu. Wawili ni mimi.

Ijumaa, 2 Novemba 2018

Tarnovo, semina ya wakutubi, nalala huku. Simu nimeisahau nyumbani kwenye chaji. Nimechungulia tovuti kwenye kompyuta ya hoteli. Wageni mia mbili na kumi na wawili!!

Watu wanasoma! Nimeagiza divai. Nimemwambia na mhudumu, akasema hongera mama.

Jumamosi, 3 Novemba 2018

Niandike kwa utaratibu, nina nusu saa tu au zaidi kidogo.

Nimerudi saa tano asubuhi. Mlangoni mwa jengo letu pamebandikwa karatasi ya tanzia, yenye picha ya marehemu, kama kawaida, hapakosi. Nimeweka mkoba chini nitafute ufunguo, nikainua macho kusoma ni nani safari hii. Ni mimi.

Picha yangu. Fremu yangu. Kistari changu! Ukurasa wangu wa Mwanzo, umetolewa kwa printa, pini nne. Na baada ya kistari mtu ameandika kwa kalamu, mwandiko wa taratibu: 2018. Chini pana mshumaa kwenye gilasi.

Sikucheka. Nasema kweli, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba imechapwa vizuri.

Nikapanda ngazi. Ghorofa ya pili nikakutana na shangazi Penka, mwenyekiti wa jengo, anatoka makaburini. Leo ni Jumamosi ya Marehemu, mji mzima uko huko na mishumaa. Mkononi ana sufuria ya ngano ya kuchemsha ya kugawa kwa ajili ya roho za waliokufa. Akaniona. Akapiga ishara ya msalaba, akaketi kwenye ngazi na sufuria yake mapajani.

“Wewe si umekufa!”

“Nani kasema?”

“Umesema mwenyewe! Mtandaoni! Binti yangu kaniletea kutoka Hispania, ‘Mama, jirani yako Nevyana maskini.’ Nimegonga kwako — kimya. Nimepiga simu, naisikia inalia humo ndani. Inalia, haipokelewi. Nikajua tayari, wamekwisha kukupeleka hospitali.”

“Shangazi, ile ni tovuti.”

“Picha nyeusi, fremu nyeusi, jina, mwaka, kistari. Ulitaka nifikiri nini, harusi?”

“Na huo mwaka wa pili?”

“Nikaona walioandaa wamesahau, wana majonzi. Nikakujazia.” Akaanza kulia sasa, baada ya kila kitu. “Mwanangu, sikutaka ukae bila tanzia kama mtu asiye na kwao.”

Nikaketi kando yake. Sikuwa na hasira hata kidogo, ningeipata wapi? Akanipa ngano kwenye kikombe cha karatasi, kwa mazoea. Nikala. Ngano ya roho yangu mwenyewe. Imekolea sukari, na kokwa za jozi hakubania.

Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema si wengi. Padri. Maktaba. Duka la chini. Wote waliokuwa makaburini.

“Na Ognyan,” akasema.

“Ognyan gani?”

“Wako ni wangapi? Nilimpigia jana. Anakuja na basi la leo.”

Miaka sita natafuta ile namba. Penka alikuwa nayo kwenye daftari lake, baina ya fundi bomba na daktari wa meno.

Nimeingia ndani kwanza, nimefungua kompyuta. Wageni mia nne na kitu. Mauti yanauza, nani angejua. Barua pepe thelathini na moja, zote za rambirambi, zote kwa kupitia Wasiliana Nami. Waliniandikia mimi kunipa pole ya kifo changu! Mmoja anasema nilikuwa nikiazimisha vitabu bila kumtazama mtu vibaya. Nimeisoma mara nne. Metodi ametuma shairi la beti kumi, na kwake mimi ni “sauti ya upole ya mto wetu”. Miaka ishirini hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Nikamjibu kwamba niko hai. Akajibu papo hapo, ashukuriwe Mungu, ila anaomba nisilifute shairi, ndiyo kazi yake bora ya mwaka.

Hakuna hata mmoja aliyegusa ukurasa wa Maandishi. Namba ziko wazi: mia nne wametazama Mwanzo, wakalia, wakaondoka. Hadithi ya Baba — wageni wawili.

Ndipo nikampigia Ognyan. Nilikuwa na namba mkononi na wazo chafu kichwani, nitalisema: usimpigie. Mwache aje. Akijua uko hai atageuza. Dakika tano nzima nililipa nafasi wazo hilo, nikalipikia na kahawa. Kisha nikapiga, kwa sababu niliwaza uso wake kwenye kiti cha basi.

Akapokea. Nikasema, ni mimi, Nevyana, sijafa, ni kosa la tovuti. Injini inanguruma. Kwa mbali mtu anauliza kama hapa ni Byala.

“Hujafa,” akasema.

“Sijafa.”

“Maua nimeshanunua,” akasema, akakata.

Tangu hapo nimepanga viatu mara mbili. Byala ni katikati ya njia, kuna mabasi ya kwenda pande zote mbili. Hadithi bado iko pale, kitufe cha kuiondoa ni chekundu, kidogo. Mara tatu nimekiendea. Nikiifuta, Ognyan atakuwa na dada, na Baba atarudi nyuma ya pazia. Nisipoifuta — sijui. Nampenda yule mpumbavu. Nimemfundisha kuogelea.

Kengele.

Saa kumi kasoro robo. Amekuja!!

Amekuwa na mvi. Amesimama mlangoni na koti lile la msibani, na maua meupe sita ya krisantemu. Sita, idadi ya kumpelekea marehemu. Kwa mtu hai hakuna anayeleta shufwa. Akanitazama mimi, akayatazama maua, nikamwona anahesabu. Akachomoa moja, akalilaza juu ya kabati la viatu, akanipa matano.

“Haya,” akasema. “Dada.”

Nikamwambia avue viatu.

Akacheka, lakini kidogo, upande mmoja. Akasema tangu Ruse alikuwa anapanga atakachosema kaburini, na kilikuwa kizuri, sasa kimeharibika. Nikamwuliza kilikuwa nini. Akasema atanawa mikono kwanza, basi lina uchafu. Na nimtolee hiyo tovuti, anataka kuona kitu kilichoniua.

Yuko bafuni. Naandika nimesimama, kwenye meza ya jikoni, kompyuta imefunguka hapa mbele yangu. Maji yanatiririka. Kitufe kiko pale pale, sekunde mbili zinatosha.

Amesema kitu kutoka huko ndani, sikukisikia vizuri. Amerudia.

“Dada! Ile ya Baba, umeiweka humo?”

Nimesema ndiyo, na mkono nimeuondoa kwenye kitufe.

Maji bado yanatiririka.