Wakubwa Wawili wa San Marino

Shemeji yangu Mwanasiti,

Assalamu aleikum, wewe na watoto hapo Kikoneni. Kadi hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, Mariamu binti yangu ameandika anwani tu. Niko San Marino, anakofanya kazi. Ni nchi ndogo juu ya mlima, Italia imeizunguka pande zote, wala hawagombani. Riziki yao ni watalii, kama Diani yetu, na stempu ambazo watu huzinunua wakaziweka ndani tu. Baridi inauma mpaka meno, lakini mimi sijatetemeka.

Leo tumetazama wakubwa wa nchi wakikabidhi kazi.

"Wako wawili, baba, na wanakaa miezi sita tu."

"Wawili! Na hawajatoana macho?"

"Hawajatoana. Na wakishatoka, raia wana siku tatu za kuleta malalamiko juu yao."

Nilicheka, shemeji, kisha kicheko kikanikatika. Mimi ni mwenyekiti wa wavuvi Msambweni mwaka wa kumi na tisa huu, na hakuna aliyeweza kunitoa. Ndugu yangu, marehemu mumeo, alikuja siku moja na malalamiko yake kwenye karatasi. Nikamfukuza kabla hajaisoma. Akahamia huko kwenu, na hatukusemezana tena mpaka nilipokuja kumzika.

Kama karatasi ile unayo, usiitupe. Nikirudi, njoo uisome mbele ya wavuvi wote. Nitakaa chini nisikilize, na sitajibu neno. Mungu akupe afya unisubiri.

Shemeji yako,
Bakari